Ng'ombe wa Ghala la Vitunguu Swaumu

Mbulu mjini,
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Tekla,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta mzima, goti limepungua kuuma, na mvua ya Mogitu imeanza kwa adabu. Mimi mwili hauna neno. Kinachoumwa ni roho, na anayeiumiza ni Julius Margwe.

Nimempa Abel, dereva wa Noah, akuletee kwa mkono, kwa sababu kwenye simu unapaza sauti mpaka jirani zako wanajua nimekula nini, na haya sitaki wayajue.

Jumatatu nilipanda kwenda ghalani kama kawaida. Nikakuta kufuli jipya, na juu ya mlango kibao cha rangi mbichi: Kituo cha Data cha Nyanda za Juu, Mwanzilishi Julius Margwe. Nikampigia. Akasema nisimsumbue, wafadhili wanataka kuzungumza na mtu mmoja, na mimi ni fundi wa waya tu, nitaitwa waya zikikatika. Fundi wa waya! Nilikaa kwenye jiwe pale nje nikalia kwa hasira.

Wewe unajua nilivyoanza, maana ulinicheka. Ofisi za Arusha zilikuwa zinatupa kompyuta ndogo za mezani, zile zenye ukubwa wa Biblia ya altareni, mimi nikawa naziomba na kuzitengeneza moja moja. Watu wakaniambia kituo cha data kinataka mitambo mikubwa kama makabati, na viyoyozi vya kunguruma mchana kutwa. Mimi nikazipanga zangu kwenye ghala la vitunguu swaumu la Mzee Margwe kule juu, kwenye rafu zilezile za kukaushia, ambako baridi ya Mbulu inapita bure. Umeme ukikatika, betri za sola zinazibeba zote, kwa sababu zinakula kidogo. Moja ikifa, wenzake wanashika kazi yake na mgonjwa hajui. Na baada ya tope la mafuriko kuifukia ile ofisi ya Jorodom iliyotunza kadi za zahanati, pamoja na mtambo wake mmoja mkubwa, zahanati zikaanza kuja zenyewe. Leo kadi za wagonjwa wa zahanati karibu zote za huku zimelala kwangu: nani kachanjwa, mama gani ana damu pungufu, nani asipewe dawa fulani.

Julius nilisoma naye chuo. Mimi nilishika bisibisi, yeye akashika maneno, kwa sababu mbele ya wageni mimi ulimi hunikauka. Sasa maneno yamemeza bisibisi.

Lakini amebadilisha kufuli akasahau nywila. Nikiwa hapa kitandani, kwa simu hii hii, naweza kuzifuta zote zikabaki tupu. Kidole kinaniwasha, Shangazi. Niambie nifanye au nisifanye.

Binti yako,
Fransiska

---

Mogitu,
15 Machi 2025

Mwanangu Fransiska,

Marahaba. Goti linauma, mvua imekuja na mawe, ng'ombe ni wazima, namshukuru Mungu kwa hilo la mwisho. Na wewe ule. Najua ukikasirika huli.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikatoka nikachinja kuku ingawa hatukuwa na mgeni. Mkono ulihitaji kazi. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapaki rangi jina lake kwenye mzigo wa mtu.

Sasa ondoa kidole kwenye simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukizifuta, atasema mitambo imeharibika, watu watamhurumia, wafadhili watamletea mingine mipya, na wewe utaitwa mchawi. Halafu hao kina mama wa zahanati wamekukosea nini? Mwenye akili haui ng'ombe wake ili kumkomoa aliyemkabidhi. Anakwenda kumchukua.

Umesahau siku ile? Ulisema nakuaibisha. Nilikuja Mbulu na kibuyu cha samli, nikamtaka Mzee Akonaay awe shahidi. Akashika majani mabichi, mimi nikapaka samli nguzo ya rafu, tukasema mbele ya Mzee Margwe na mwanawe: hizi ni ng'ombe wa kukabidhiwa. Maziwa ni yenu, Julius apate kazi na mzee apate umeme wa sola nyumbani mwake. Lakini ng'ombe na ndama ni wa Fransiska, na siku akija kuwataka hamtauliza sababu. Mzee akaitika. Julius alikuwa anacheka, anapiga video. Anadhani bila karatasi hakuna kesi. Kijana wa Mbulu mzima, hajui kwamba mkabidhiwa akiitika mbele ya shahidi amefungwa kuliko mhuri!

Basi utawachukua. Lakini si leo. Aibu ya mtu akiwa peke yake haiumi. Subiri siku atakapokuwa na wageni, amevaa vizuri, amefungua mdomo kuanza kusema.

Na kabla ya hapo fanya kama baba yako, Mungu amrehemu. Ulishaona kundi lake lote katika boma moja? Wawili kwa huyu, watatu kwa yule, ili ugonjwa ukiingia bonde hili, bonde lile libaki na mbegu. Hizo kadi za wagonjwa zitafutie maboma mengine kwanza. Mgonjwa hata mmoja asije kutulaani.

Mimi nitangoja. Kungoja naweza.

Shangazi yako,
Tekla

---

Mbulu mjini,
6 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole na mawe ya mvua, nasikia yameangusha mahindi ya watu hata Katesh. Goti lipake yale mafuta niliyokutumia, usiyahifadhi kabatini kama vikombe vya wageni.

Nimefanya ulivyosema. Chumbani kwangu zilikuwepo kompyuta kadhaa nilizokuwa nazitengeneza, ambazo Julius hazijui. Moja ipo kwa Mzee Akonaay. Nyingine ameipokea muuguzi Monica wa zahanati ya Yaeda Chini; ilisafiri kwenye bodaboda katikati ya magaloni ya asali ikafika nzima. Zilizobaki nimezificha hapa na pale kwa watu ninaowaamini. Moja anakuletea Abel na barua hii, imefungwa kwenye blanketi. Iweke ghalani pasipo na panya, uiunge kwenye sola yako kama nilivyochora nyuma ya karatasi hii. Taratibu ninanakili kadi zote kutoka ghala la Mzee Margwe kwenda kwenye hizi, kila moja inabeba nakala. Julius hajui lolote. Anazunguka na wapiga picha.

Sasa nisikufiche, maana wewe ndiye mzazi niliyebaki naye. Hasira bado ninayo, nikikiona kile kibao mate yanakuwa machungu. Lakini ninachotaka hasa ni kazi yangu. Nataka kuingia asubuhi nisikie zile feni ndogo zinavyovuma, nijue nani ana joto na nani amekufa. Julius akinirudishia ufunguo na kuandika jina langu mlangoni, mimi nitasema basi, na zahanati zitaendelea bila hata kujua tuligombana.

Wazee wa kwao wakija kuomba amani watakuja kwako, si kwangu, desturi ndivyo ilivyo. Wakija niambie haraka. Nitapanda gari siku hiyo hiyo.

Binti yako,
Fransiska

---

Mogitu,
14 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mafuta nimepaka, yananuka kama petroli, goti limeshtuka.

Mgeni wako amefika. Nimemweka ghalani juu ya magunia ya mbaazi, taa yake ya kijani inawaka. Shida ni kuku mweupe, ameona pale pana joto, kila nikigeuka nakuta amepanda anataka kuatamia. Nimemfukuza kwa ufagio, lakini ni mbishi, amenikumbusha wewe.

Neno gani hilo umeandika, basi? Mtu kakufungia mlango wa kazi yako, kakuita fundi wa waya, na wewe unatafuta mahali pa kuweka basi. Ukimsamehe kabla hajaumia atajifunza nini? Atajifunza kwamba wa kwetu wanaibiwa bila gharama. Kesho atamfanyia mwenzako.

Hiyo nyumba naijua tangu sijaota mvi. Wana midomo mizuri. Wakiona moto unawafikia ndipo wanakumbuka majani ya kuombea radhi yanaota wapi. Usilegee. Kunja moyo wako kama ngumi mpaka hiyo siku.

Shangazi yako,
Tekla

---

Mbulu mjini,
4 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti, na za yule kuku? Sisi huku baridi imeanza kung'ata.

Naandika kwa haraka, Abel amewasha gari. Siku imejulikana: Jumamosi ya tarehe kumi na saba wageni wanakuja kukifungua kituo rasmi, kuna mgeni rasmi, kuna kwaya, kuna utepe. Mzee Akonaay yuko tayari.

Lakini Mary wa duka la dawa ameniambia Mzee Margwe alimgombeza Julius mbele ya watu, na kwamba Julius anatembea ameinamisha kichwa. Akasema pia wazee wa kwao walisafiri baada ya Pasaka, hakujua wapi. Je, walikuja kwako? Nijibu kwa Abel huyu huyu. Kama walikuja, sitakwenda na Mzee Akonaay. Nitakwenda kuzungumza.

Binti yako,
Fransiska

---

Mogitu,
5 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Hajaja mtu.

Nenda kachukue ng'ombe wako.

Shangazi yako,
Tekla

---

Mbulu mjini,
18 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Tumewachukua.

Mzee Akonaay alikuja amevaa koti lake la kanisani. Tulipofika juu, uwanja ulikuwa umejaa mahema, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, kwaya inajaribu sauti, masufuria ya pilau yanafuka. Julius yuko ndani ya suti ya bluu, anamwonyesha mgeni rasmi bonde kama vile na bonde amelianzisha yeye. Aliponiona alitabasamu. Alidhani nimekuja kuangalia waya.

Mzee Akonaay hakumtazama. Alipita katikati ya viti mpaka kwa Mzee Margwe, wakaamkiana, wakaulizana mifugo na mvua bila kuruka hata moja, mimi nasimama nyuma yake. Kisha akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida kabisa: Tumekuja kuchukua ng'ombe wetu.

Julius akaruka. "Ng'ombe gani? Mzee, hapa ni shughuli ya kitaifa. Mkataba uko wapi? Nionyesheni mkataba!"

Mzee Margwe alinitazama mimi, akautazama mlango. Mwisho akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ufunguo, akaenda kufungua mwenyewe. Julius akamshika mkono: "Baba, wageni!" Na mzee akamjibu mbele ya kila mtu, "Niliitika. Na wewe ulikuwepo, unacheka."

Shangazi, kwaya nzima ilisikia.

Niliingia. Harufu ya vitunguu swaumu ilinipokea, na zile feni zinavuma kama siku zote. Kwanza nilihamisha kazi yote kwenda kwa wale wa maboma mengine. Nikampigia Monica, akasema kadi zinafunguka, nzito kidogo, lakini zipo. Ndipo nikaanza kuchomoa. Moja baada ya nyingine, mpaka ghala likawa kimya. Tukazipakia kwenye magunia yaleyale ya vitunguu, na kila gunia lilipita mbele ya mgeni rasmi, kwa sababu njia ni moja. Aliuliza hayo ni nini. Abel akamjibu kwa heshima zote, "Ni kituo cha data, mheshimiwa. Kinahama."

Utepe waliukata hata hivyo, maana mkasi ulikuwa umeshaletwa kwenye sinia. Wakaingia, wakaona mbao tupu na maganda ya vitunguu. Julius alikaa chini kwenye nyasi na suti yake. Mimi nilicheka, Shangazi. Nilicheka kwa sauti mpaka Mzee Akonaay akanigusa bega.

Kuna jambo moja tu sikulielewa. Nilipokuwa nabeba gunia la mwisho, Mzee Margwe alinisimamisha. Hakuwa na hasira. Aliniuliza, "Binti yangu, kwani hata majani yetu hukuyapokea?" Nikadhani ni uzee, nikampita. Lakini usiku mzima swali hilo limenikaa. Majani gani, Shangazi?

Binti yako,
Fransiska

---

Mogitu,
25 Mei 2025

Mwanangu shujaa,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Barua yako nimeisoma kwa sauti ghalani, nikamsomea hadi kuku mweupe. Utepe! Wamekata utepe wa mbao! Nimecheka mpaka goti likasahau kuuma.

Umeuliza majani. Nitakuambia, maana kazi imekwisha na huna tena pa kulegea. Walikuja.

Walikuja wiki ile baada ya Pasaka. Wazee wa kwao walikaa nje ya uzio wangu na majani mabichi mkononi, Margwe katikati yao, kofia ameiweka mapajani. Walikaa tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Sikuwaita ndani. Sikuwapa maji. Niligeuza kiti nikawapa mgongo, nikachambua mbaazi kwenye ungo kama vile nje hakuna watu. Alipopaza sauti kusema wamekuja kwa ajili yako, nikaimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zaidi. Waliondoka wenyewe.

Nilikudanganya, ndiyo. Ningekuambia ungekimbia kwenda kuwapokea, nakujua.

Sasa sikiliza kwa nini. Mwaka aliokufa mume wangu nilikwenda kwa huyo Margwe kumtaka ng'ombe wetu mweusi, ambaye mume wangu alimkabidhi. Shahidi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Margwe akaniambia, mbele ya watu waliokuja kunywa pombe kwake: Mjane, hapa hakuna ng'ombe wako. Wakacheka. Nilirudi kwa miguu, nikalala njiani Dongobesh kwa watu nisiowajua, na kamba tupu mkononi. Tangu siku hiyo sikuwahi kusahau ule mlango. Uliponiambia umepata ghala kwao, unadhani nilikuja na samli na shahidi kwa sababu ya kupenda desturi? Nilitaka ile nyumba iitikie tena, mbele ya mtu aliye hai.

Mimi nimelipwa, na wewe umelipwa. Njoo wiki hii nikuchinjie mbuzi, tule tukiwataja.

Shangazi yako,
Tekla

---

Mogitu,
6 Julai 2025

Fransiska mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa macho, natazama sana barabara. Mbuzi bado amefungwa.

Barua yangu hujaijibu. Simu hupokei. Abel namuuliza, anasema amekuona mzima, kisha anaongeza sauti ya redio. Unaumwa? Nimekukosea? Mtu haachi kumjibu shangazi yake.

Mbaazi nimekuwekea gunia moja. Andika hata mstari.

Shangazi yako,
Tekla

---

Mbulu mjini,
3 Agosti 2025

Shangazi,

Safari hii sikuamkii.

Barua zako nimezipata zote. Sikuumwa. Siku nilipomaliza kusoma ile ya majani nilipanda kwa Mzee Margwe, nikamkuta anaota jua mbele ya ghala. Nilimwambia sikuambiwa. Aliniamini kabla sijamaliza kusema, na hilo lilinichoma kuliko angenitukana.

Aliniambia walikuja kwako na nini. Katikati ya yale majani mabichi kulikuwa na ufunguo, uleule aliofungulia mlango siku ya wageni. Walikuja pia na kibao kipya, wamekifunga kwenye kanga. Nimekiona, kipo sebuleni kwake kimeegemezwa ukutani. Jina langu ni la kwanza na la Julius la pili. Julius mwenyewe alikuwa nyuma yao, amekaa chini kwenye vumbi la uzio wako; ulipowapa mgongo ndipo akarudia kiburi chake. Yale yote niliyokuandikia kwamba nayataka, na ambayo nilikuandikia wewe peke yako, waliyabeba mpaka mlangoni kwako bila hata kuambiwa.

Na kwenye mti wa uzio alikuwa amefungwa mtamba mweusi. Mzee anasema, alipokuwa anamlazimisha mwanawe kurudisha cha mtu, aliona haya kuja mbele yako bila kurudisha chako. Walimpakia kwenye Canter kutoka Mbulu mpaka Mogitu. Angekuomba msamaha mbele ya wazee wote kwa lile neno alilokuambia mjane. Lakini ulikuwa umegeuza kiti.

Nikueleze na habari za kazi yangu. Zahanati zimeondoka. Hakuna kadi iliyopotea, nilifanya vizuri kama ulivyonifundisha. Tatizo ni kwamba watu waliona. Mganga mmoja aliniambia bila chuki yoyote: "Dada, mtambo ambao mtu akikasirika anaweza kuutia kwenye gunia la vitunguu akaondoka nao, mimi siwezi kuulazia wagonjwa wangu." Ni kweli, na niliyewaonyesha ni mimi. Wamehamia kwa kampuni ya Dar es Salaam yenye makabati makubwa. Imebaki Yaeda Chini tu, kwa sababu Monica ni mkaidi. Kompyuta zangu zimepangwa chini ya kitanda, zimezimwa. Kile kicheko nilichocheka pale uwanjani nakisikia kila nikilala, na ninakichukia.

Sikukosewa na Julius tu. Yeye aliniibia mlango, akaja kuurudisha. Wewe ulinitumia. Ulikuwa unachota hasira yangu kujazia yako, na ukaniita shujaa. Nakupenda bado, na ndiyo maana nina hasira kiasi hiki.

Mzee Akonaay atapita kwako kuchukua kompyuta yangu iliyo ghalani. Mpe. Mbaazi kula mwenyewe, na mbuzi mfungue.

Jumapili iliyopita nilipeleka majani kwa Mzee Margwe, kuomba radhi kwa aibu niliyoitia nyumba yake. Unajua kwamba mtu haendi peke yake, lazima awe na mzazi wa kumsemea. Wazee wao wakakaa upande mmoja wa uwanja, mimi nikakaa upande wa pili na kiti kitupu pembeni yangu. Mzee Akonaay akauliza, kama inavyotakiwa, ni nani anayesimama kwa ajili ya huyu binti. Nikasema sina mtu. Watu wakatazamana. Mzee Margwe akainuka upande wa waliokosewa, akavuka uwanja na fimbo yake, akaja akakaa kwenye kile kiti. Akasema niendelee, anasikiliza.

Mtu akija tena kwako kwa jambo langu, lolote lile, mwelekeze kwake.

Fransiska Sulle